Mafunzo ya kuandika na kusoma kazini: mkufunzi aje ofisini, watu waende chuo, wasome mtandaoni au mleane wenyewe?

Kila bajeti ikikaribia swali hili linarudi. HR kaambiwa atenge hela ya mafunzo ya uandishi, bosi kachoka na ripoti za kurasa kumi na mbili ambazo jibu liko ukurasa wa kumi na moja, wateja wanajibiwa imeili ambazo haijulikani zinasema ndiyo au hapana, na mezani kuna njia nne ambazo zote zinaahidi kitu kilekile. Ya kwanza mkufunzi aje ofisini kwenu, ya pili watu wapelekwe chuo au kozi ya nje, ya tatu kila mtu asome mtandaoni kwa muda wake, ya nne mleane wenyewe humohumo ndani. Nitazipitisha zote kwenye vipimo vilevile. Mifano mingi ni ya Tanzania, Kenya nitaigusa pale mambo yanapotofautiana, hasa kwenye hela.

Tatizo lenyewe limetoka wapi

Zamani ofisi zetu zilikuwa na kichujio, jina lake katibu muhtasi. Bosi anasema au anachorachora kwa kalamu, katibu aliyepita Chuo cha Uhazili Tabora anaipanga, anaweka Kumb. Na., anaweka YAH:, anapunguza maneno yaliyozidi, barua inatoka imenyooka. Chuo kile baadaye kikawa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma na kazi inaendelea, ila huko maofisini saivi kila mtu ana laptop yake na anatuma mwenyewe. Afisa masoko anaandika, stoo kipa anaandika, injinia anaandika, na hamna mtu anayeisoma kabla haijatoka. Kwa hiyo tunalaumu watu kwamba hawajui kuandika wakati kazi ile ilikuwa na mtu wake kabisa aliyesomea, tukaifuta nafasi yake, na wengine wote hawakufundishwa.

Wakajifunzia wapi sasa? Kwenye faili. Unafungua barua ya zamani unakopi unabadilisha tarehe. Ndo maana mpaka leo dokezo la kuomba hela ya spea linaanza hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua fursa hii kukujulisha kuwa mnamo tarehe tajwa gari letu la usambazaji lilipata hitilafu likiwa safarini na kupelekwa gereji, ambapo fundi alilifanyia uchunguzi wa kina na kubaini kwamba giaboksi imeharibika, na baada ya kukusanya profoma kutoka kwa wauzaji watatu imeonekana kwamba…"

Kiasi cha hela kinatokea aya ya nne. Dokezo hilohilo lingeweza kuwa hivi:

"Naomba idhini ya Sh 1,850,000 kununua giaboksi ya gari la usambazaji kabla ya Ijumaa. Gari likiendelea kulala gereji, oda za Kibaha na Chalinze hazitatoka wiki ijayo. Profoma tatu zimeambatanishwa, napendekeza ile ya bei ya chini."

Ukimuonyesha mtu hayo mawili hatakubishia kwamba la pili linasomeka haraka, atakubishia kwamba halina adabu. Na hapo ana hoja, kwetu huwezi kumvamia mkubwa na ombi kama unamdai. Mkufunzi asiyelijua hili atasema "anza na jambo lako" halafu watu wataitikia vizuri tu na kesho yake kila mtu anarudi kwenye husika na kichwa cha habari. Anayelijua atawaambia salamu mstari mmoja, ombi mstari wa pili, sababu zifuate. Weka hilo akilini wakati unalinganisha, maana linatenganisha mafunzo yanayoshika na yale ya kupiga picha ya pamoja.

Vipimo nitakavyotumia

Hela, na namaanisha yote. Ada ya mkufunzi ni sehemu tu, kuna ukumbi, chakula, nauli, posho, na kuna muda. Watu 12 wakikaa semina siku mbili umetumia siku 24 za kazi za mtu mmoja, hiyo ni zaidi ya mwezi mzima wa mshahara wa mtu mmoja ambao hauonekani kwenye ankara yoyote.

Mrejesho, yaani nani ataisoma kazi ya mfanyakazi, atamwonyesha pa kurekebisha, na ataisoma tena baada ya kurekebisha. Kwangu hiki kina uzito kuliko vingine vyote. Kuandika hakufundishiki kwa pawapointi peke yake, mtu anabadilika pale sentensi yake yeye inapokatwa mbele ya macho yake akaambiwa kwa nini.

Lugha. Ofisi nyingi zetu zinaongea Kiswahili kwenye kikao halafu muhtasari unaandikwa Kiingereza, ripoti ya mfadhili Kiingereza, barua ya halmashauri Kiswahili, notisi ya mteja Kiswahili. Jua kwanza nyaraka zinazowaumiza ziko kwa lugha gani. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo wale wa idara za sheria na mikopo wanaodhani uandishi wa kikazi ni Kiingereza tu wajiangalie.

Kusoma, ambako karibu kila tangazo la kozi hukutaja kwenye kichwa halafu ndani hukuti hata saa moja. Suala hili nitalirudia hapo chini maana kuna ujanja mwingi unauzwa.

Kinachobaki baada ya miezi mitatu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka kitu tusichokirudia, na semina ya siku mbili ambayo haina marudio inakutana na ukweli huo moja kwa moja.

Njia ya kwanza: mkufunzi anakuja ofisini

Hela: mnalipa kwa siku au kwa kundi, kwa hiyo watu wakiwa wengi gharama ya kichwa inashuka. Kwa watu wanne ni ghali, kwa kumi na tano inaanza kuwa na maana. Nauli na malazi ya watu yanaondoka, ila ule muda wa kazi uko palepale, tena kuna hasara ya chinichini: mtu yuko semina ghorofa ya pili na mteja wake yuko mapokezi, anaitwa kila dakika ishirini. Kama mtaenda njia hii fanyeni Jumamosi au kodini ukumbi hata wa mtaa wa jirani.

Wakenya wana nafuu ambayo wengi hawaitumii. Mwajiri anakatwa tozo ya mafunzo ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akiomba kibali kabla ya mafunzo na mkufunzi akawa amesajiliwa NITA anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Shida ni hapo kwenye neno kabla, watu wanafanya semina kwanza ndo wanakumbuka fomu. Tanzania ile SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) tunayolipa TRA, ambayo ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, usiiweke kwenye hesabu hii kama hela itakayokurudia.

Mrejesho: hapa njia hii inaweza kuwa nzuri kuliko zote au mbovu kabisa, inategemea mlichokubaliana. Mkufunzi makini anaomba nyaraka zenu wiki mbili kabla, dokezo tano, imeili kumi, ripoti mbili, anafuta majina, anazifanya ndo mtaala. Yule mwingine anakuja na flash yake ileile aliyofundishia benki, shule na kampuni ya bima. Swali la kumuuliza kwenye simu ni moja tu: utasoma kazi za watu wangu ngapi kabla, na ngapi baada? Akijibu kwa kukusifia CV yake mshukuru.

Lugha: mnaamua nyinyi, hii ni faida kubwa. Mnaweza kutaka asubuhi barua za Kiswahili, mchana ripoti za Kiingereza.

Kusoma: mnaweza kudai iwepo. Msipodai haitakuwepo.

Kinachobaki: kama mkataba unaishia siku ya pili saa kumi jioni, kinabaki cheti na kalamu. Kama una vikao vifupi vya kurudia, tuseme saa moja kwa Zoom kila wiki mbili kwa miezi miwili, hapo mambo ni mengine. Bora siku moja ya semina na marudio manne kuliko siku tatu mfululizo.

Inamfaa: ofisi ambayo watu wengi wana tatizo linalofanana, nyaraka zinaenda kwa watu walewale, na bosi mwenyewe atakaa darasani. Hilo la bosi silisemi kwa utani. Unafundisha vijana waandike ukurasa mmoja halafu mkurugenzi anarudisha akiuliza "mbona fupi hivi, hukufanya kazi?", hamna semina itakayoshinda hiyo.

Njia ya pili: kupeleka watu chuo au kozi ya nje

Hapa nazungumzia Chuo cha Utumishi wa Umma chenye matawi Dar, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya, ESAMI (taasisi ya menejimenti ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) pale Arusha, kwa Kenya ile Kenya School of Government ya Lower Kabete, pamoja na vituo binafsi vya lugha na menejimenti vilivyojaa mijini.

Hela: kwa kichwa kimoja mara nyingi hii ndo inauma zaidi, na kinachouma kuliko ada ni posho ya kulala. Tuseme ukweli tu, kuna watu wanaipenda kozi ya Arusha kwa sababu ni Arusha. Sio dhambi, mtu akitoka nje ya ofisi akili inapumua, ila ukitaka kujua kama anaitaka kozi au safari muulize anataka kurudi na nini.

Mrejesho: unategemea ukubwa wa darasa. Watu thelathini kutoka taasisi kumi na tano, mwalimu hawezi kusoma kazi ya kila mmoja kwa undani, na nyaraka wanazofanyia mazoezi zinakuwa za mfano kwa sababu hakuna anayetaka kuonyesha dokezo la ofisi yake mbele ya ofisi nyingine. Faida ya upande wa pili ni kwamba mshiriki anaona wenzake wanavyoandika, anagundua kumbe lile analoliita utaratibu ni tabia ya ofisi yao tu.

Lugha: kwa utumishi wa umma hapa ndo penyewe. Dokezo sabili, barua ya wazi na ya siri, masijala, namba za majalada, muhtasari wa kikao unaokubalika kwa mkaguzi, na saivi mambo ya kupitisha majalada kwenye Ofisi Mtandao, hivi vina kanuni zake na mkufunzi wa mtandaoni wa Ulaya hatavijua. Kama shida yenu ni istilahi za Kiswahili au nyaraka inayotafsiriwa rasmi, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo tangu 1967 kwa kazi hiyohiyo.

Kusoma: kozi za kumbukumbu na uhazili zinamfundisha mtu kuitafuta na kuipanga nyaraka vizuri. Kuichambua mkataba au zabuni, mara nyingi utakuta ni kozi nyingine ya ununuzi au sheria.

Kinachobaki: cheti ambacho mtu anakwenda nacho kwenye usaili au kupanda daraja, na hicho si kidogo. Kwa ofisi, ujuzi umebaki kwenye kichwa cha mtu mmoja. Akihama umehama naye, na hata asipohama, mtu mmoja aliyerudi na staili mpya akakuta wenzake ishirini wako vilevile, ndani ya mwezi ataandika kama wao ili asionekane anajidai.

Inamfaa: mtu ambaye kuandika nyaraka ndo kazi yake yenyewe, katibu wa vikao, afisa utawala, mtunza kumbukumbu, au yule mnayemwandaa awe wa kuwasimamia wengine.

Njia ya tatu: kozi za mtandaoni

Hela: ndogo, na zingine ni bure kabisa. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder wana kozi ya uandishi wa kikazi iliyoko Coursera, tovuti ya kozi za vyuo, na Google wameweka wazi kozi zao za uandishi wa kiufundi ambazo zinafaa sana kwa watu wa IT na mainjinia. Coursera pia kuna fomu ya kuomba kupunguziwa ada. Gharama iliyojificha ni bando, na nyingine ni muda, maana ukimwambia mtu "soma kwa muda wako" umemwambia asome saa tano usiku watoto wamelala.

Mrejesho: hapa ndo pembamba. Kazi nyingi zinasahihishwa na mashine au na wanafunzi wenzako, na mwanafunzi mwenzako wa nchi nyingine naye amekuja kujifunza, atakuandikia "kazi nzuri" apate maksi zake apite.

Lugha: karibu zote Kiingereza, na Kiingereza cha kwao. Mifano ni ya kampuni ya Marekani inayomwandikia mteja wa Marekani. Kuna mengi ya kuchukua humo, jinsi ya kufupisha, jinsi ya kutumia vitenzi vinavyofanya kazi, jinsi ya kupanga aya. Ile namna ya kumkatalia mteja bila kumkasirisha, hiyo itabidi uitafsiri mwenyewe kwa mazingira yako.

Kusoma: zipo kozi za kusoma, na humu ndo utakutana na zile za kusoma kwa kasi zinazoahidi utamaliza kitabu kwa saa moja. Kuwa makini. Mwaka 2016 mtafiti wa usomaji Keith Rayner na wenzake walipitia utafiti uliopo wakaonyesha kwamba kasi ikiongezwa sana uelewa unashuka, huvipati vyote viwili. Na mwanasaikolojia Marc Brysbaert alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2019 akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa mtu mzima anayesoma kimya maandishi ya Kiingereza yasiyo ya hadithi. Anayekuuzia maneno elfu moja kwa dakika anakuuzia kupitishapitisha macho.

Kinachobaki: kwa anayemaliza, kinabaki sawasawa na kwingine. Tatizo ni kumaliza. Watafiti wawili wa MIT walichapisha mwaka 2019 kwenye jarida la Science takwimu za kozi za MIT na Harvard, waliojiandikisha 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3. Ukichukua wale waliolipia tu picha inakuwa nzuri zaidi, na hapo kuna funzo: mfanyakazi akipewa saa mbili rasmi kwa wiki, tarehe ya mwisho, na mtu wa kumuuliza amefika wapi, atamaliza. Akipewa linki tu kwenye grupu la WhatsApp atabonyeza alama ya dole gumba.

Inamfaa: mtu mmoja mmoja mwenye nidhamu yake, ofisi ndogo isiyo na hela, timu iliyotawanyika mikoani, au anayeandika Kiingereza cha kiufundi kila siku.

Njia ya nne: kuleana ndani

Hii haina brosha kwa hiyo watu hawaioni kama mafunzo. Mnachagua mtu mmoja au wawili wanaoandika vizuri, mnawapa saa kadhaa kwa wiki wawe wahariri wa ndani, mnatengeneza templeti chache, tuseme dokezo la kuomba fedha, imeili ya kumjibu mteja anayelalamika, na muhtasari wa kikao. Halafu siku moja kwa wiki, dakika arobaini, mnaweka nyaraka moja kwenye skrini jina limefutwa, mnaipitia pamoja. Swali la kwanza kila mara liwe hilohilo: aliyetumiwa hii anatakiwa afanye nini, na ameambiwa kwenye mstari wa ngapi?

Hela: inaonekana bure na sio bure. Mhariri asipopunguziwa kazi zake nyingine atachoka, ataanza kusema "ipo sawa tu" bila kusoma. Kama hamtaki kumpunguzia kazi msianze.

Mrejesho: kwenye hiki haina mpinzani. Nyaraka ni halisi, inarekebishwa leo, inatoka leo, na mwandishi anaona mteja kajibu nini kesho yake.

Lugha: zenu zote mbili kama zilivyo ofisini. Hatari yake ni kwamba makosa nayo yanarithishwa. Lile husika na kichwa cha habari limefika hapa kwa njia hiihii ya kuleana, mkubwa kamfundisha mdogo. Kwa hiyo mnahitaji kipimo cha kutoka nje. Kipo kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, na maswali yake yanashikika hata bila kuununua waraka wenyewe: msomaji anapata anachokihitaji? Anakiona haraka? Anakielewa? Anaweza kukitumia? Bandikeni hayo ukutani.

Hatari ya pili ni mhariri kugeuka polisi wa sarufi. Anapigia mistari nyekundu koma na herufi kubwa halafu anaacha ripoti ambayo haina hitimisho. Na ya tatu ni vyeo, kijana mhariri mwenye miaka 26 atamrekebishaje meneja wa miaka 54? Hapo dawa ni bosi mkubwa kutoa nyaraka yake ya kwanza ichanwechanwe mbele ya wote.

Kusoma: hapa ndo kunafundishika vizuri kuliko kote. Zabuni ni mfano mzuri. Kampuni inafungua tangazo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, watu watatu wanasoma, bei inapangwa vizuri, halafu wanatolewa kwa sababu ya kiambatisho kimoja kilichotajwa mahali ambapo hakuna aliyefika. Chukua kurasa sita za zabuni ya zamani, wape watu dakika kumi na tano na maswali manne: mwisho lini na saa ngapi, viambatisho gani ni vya lazima, nani anabeba gharama ya nini, kosa gani linakuondoa moja kwa moja. Kisha linganisheni majibu. Mtagundua wanaofanya vizuri hawasomi toka mwanzo mpaka mwisho, wanapitia vichwa kwanza, wanajiuliza wanatafuta nini, ndo wanarudi kusoma polepole palipo na uzito. Ni mbinu ya zamani tu, Mmarekani Francis Robinson aliipanga kwa hatua miaka ya 1940. Na maneno madogo kama isipokuwa, endapo, na angalau msiyaruke, kwenye mkataba hela imejificha humo.

Kinachobaki: kinabaki mpaka mhariri aondoke. Muwe wawili.

Inamfaa: ofisi ya watu watano hadi thelathini, yenye mtu hata mmoja anayeandika vizuri na bosi asiyekasirika kurekebishwa.

Vipi kuhusu AI

Najua kuna aliyesoma mpaka hapa anasema haya yote ya nini, ChatGPT ipo tangu mwisho wa 2022, bandika tu. Inasaidia, sikatai, hasa kusafisha Kiingereza na kufupisha kitu ulichokwisha kukielewa. Ila haijui kwamba gari liko gereji wala nani anasaini, na ukiiomba barua inakuletea ndefu yenye adabu nyingi, yaani tunarudi kulekule. Anayeitumia vizuri ni yule anayeweza kuisoma rasimu yake akaikataa, kwa hiyo ujuzi wa kusoma unahitajika zaidi kuliko zamani. Na taarifa za wateja msizibandike humo ovyo, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya kwao ni ya 2019.

Kwa hali yako

Hujui tatizo ni ujuzi au ni utaratibu: usinunue kitu kwanza. Chukua nyaraka kumi za mwezi uliopita, hesabu kila moja ilirudishwa mara ngapi na kwa nini. Nyingi zikiwa zimerudishwa kwa sababu bosi alibadilisha mawazo au hakusema anataka nini, kozi ya vijana itakuwa hela ya kutupa, mfundisheni anayeagiza. Na zihifadhi hizo kumi, baada ya miezi mitatu chukua nyingine kumi ulinganishe. Donald Kirkpatrick tangu 1959 aligawa tathmini ya mafunzo kwenye ngazi nne, walifurahi, walijifunza, wamebadilika kazini, matokeo yameonekana, na zile fomu za mwisho wa semina zinaishia ngazi ya kwanza.

Una watu zaidi ya kumi wenye shida moja, na bajeti ipo: mkufunzi aje ofisini, siku moja, marudio manne, nyaraka zenu. Kama uko Kenya fomu ya NITA iende kwanza.

Taasisi ya umma, au kazi inayokaguliwa kwa kanuni za majalada: peleka wawili chuoni, na kabla hawajaondoka wapangie tarehe ya kuja kuwafundisha wenzao. Tarehe iwe imeandikwa.

Asasi inayoandikia wafadhili kwa Kiingereza, watu wametawanyika Kigoma, Lindi na Pemba: mtandaoni kwa saa rasmi za kazi, pamoja na mtu mmoja makao makuu anayesoma rasimu na kurudisha ndani ya siku mbili. Bila huyo mtu, nusu ya faida haipo.

Kampuni ndogo ya zabuni na usambazaji: kuleana ndani, na anzeni na kusoma kabla ya kuandika, zabuni mlizopoteza mnazo kwenye kabati.

Duka au saluni yenye wafanyakazi watatu na shida ni meseji za wateja kwenye WhatsApp: huhitaji kozi. Andikeni majibu kumi ya maswali yanayojirudia, bei, saa za kufungua, marejesho, mpitie pamoja, mmalize.

Na wewe ambaye ofisi haikupi chochote ila unataka kuandika vizuri kwa ajili ya kazi yako ijayo: chukua kozi moja ya bure, moja tu, halafu mtafute mtu mmoja kazini anayeandika vizuri umwombe akusomee dokezo moja kwa wiki. Mpe la ukurasa mmoja, mwambie akuonyeshe mstari aliochoka nao. Akikupa muda wake mnunulie chakula cha mchana, itakugharimu kidogo kuliko ada yoyote niliyoitaja humu.